Gibson Kiptum, Mvuvi wa Ndanai

Chelangat alikuwa kwenye kituo cha kununulia majani chai, gunia lake limekwisha kuning'inizwa kwenye mizani, simu ilipolia ndani ya aproni. Aliitoa, akaona jina la kaka yake Gibson, akairudisha mfukoni. Ikalia tena. Wanawake waliokaa kwenye ukingo wa simiti wakisubiri zamu wakaanza kumtazama, kwa sababu wote walijua Gibson yuko Pwani, na wote walijua alichokwenda kufanya huko.

"Si upokee," mmoja akamwambia. "Labda anataka kukuuliza akuletee kichwa ama mkia."

Wakacheka. Chelangat akapokea akiwa bado na hasira ya kuchekwa, na bila hata salamu akasema, "Umeshiba hao nyoka wako?"

Upande wa pili palikuwa na upepo tu. Kisha sauti ya mwanamume ikasema, kwa Kiswahili laini cha watu wa Pwani, "Samahani, mama. Mimi siye mwenye simu. Wewe ndiwe dada yake?"

Mtu huyo akasema anaitwa Mwachai, mvuvi wa Msambweni, na kwamba Gibson hufikia kwake kila mwaka. Akasema asubuhi hiyo Gibson alikwenda kwenye mwamba peke yake kama kawaida, na maji yalipotoka wao wakamwona mbali, ameketi ndani ya kayaki yake, ule mtumbwi wa mtu mmoja, umekaa juu ya matumbawe. Wakadhani amesinzia. Wakamwita, hakuitika.

"Tumemleta ufuoni, mama. Daktari amemtazama, anasema ni moyo. Pole sana. Mungu amrehemu."

Karani wa kituo alikuwa ameshasoma mizani. "Kumi na saba," akasema. Chelangat akaitikia, "Andika," kisha akakaa chini, pale pale kwenye majani yaliyomwagika.

Siku zote zilizofuata aliikumbuka saa hiyo kwa mambo mawili: kwamba alisema andika, na kwamba kabla ya hapo alimwuliza maiti kama ameshiba nyoka.

Neno hilo hakulibuni yeye. Walikulia hapo hapo Bomet, upande wa Ndanai, katika nyumba ya maziwa, ugali na mboga za majani, na mama yao akiona samaki alikuwa akitema mate pembeni. Kitu kisicho na miguu, kisichofumba macho, chenye utelezi: kwa mama huyo hicho kilikuwa nyoka wa mtoni, wala hakutaka kusikia jina lingine. Vijana wa siku hizi wanakula samaki kwenye hoteli za Kericho bila kuwaza, lakini Chelangat alikuwa na miaka sitini na mmoja na tumbo la mama yake. Yeye ni shemasi wa kanisa. Kwenye Injili aliisoma habari ya mikate mitano na samaki wawili kwa imani yote, ila moyoni alishukuru kwamba hakuwa kwenye mkutano ule.

Gibson alikuwa mdogo wake kwa miaka mitatu. Alifanya kazi ya fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha chai nje ya mji wa Kericho kwa miaka thelathini na moja, akitengeneza mashine za kusaga majani na za kukausha. Nyumba aliyopewa ilipakana na ya Ogola, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa akiwasha tanuri la kiwanda. Walikuwa wakienda zamu pamoja na kurudi pamoja, na mambo ya chakula kila mmoja alibaki na yake. Kisha mke wa Gibson, Cheptoo, akafa kabla hawajapata mtoto, na Gibson akaacha kula. Chelangat alimpelekea maziwa ya mursik kutoka nyumbani, yakaharibikia kwenye kibuyu. Siku ya tisa Dolphine, mke wa Ogola, aliingia bila kubisha, akaweka mezani ugali na bakuli la samaki wa mchuzi, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Shemeji, mimi siondoki hapa mpaka hiyo sahani iishe," akasema. "Na leo nina zamu, usinicheleweshe."

Akala. Alipomsimulia Chelangat baadaye, Chelangat alifunika mdomo kwa kitambaa. Gibson akamwambia, "Huyo samaki ndiye alinirudisha." Chelangat akajibu kwamba aliyemrudisha ni Mungu, na kwamba Mungu angeweza kutumia kuku.

Baada ya hapo Ogola akamfundisha kuvua kwa mshipi kwenye bwawa la kiwanda, Jumapili baada ya ibada. Na kayaki ikaja. Hoteli moja ya Pwani ilikuwa imefungwa na vitu vyake vinauzwa, na dereva wa lori linalopeleka chai Mombasa akairudisha juu ya lori tupu: kitu cha plastiki, cha manjano, kirefu kuliko watu wawili, kimechubuka tumboni, na kasia moja. Gibson alijifunza kuiendesha bwawani, katikati ya mashamba ya chai, na wachumaji wakiacha vikapu kumtazama. Walisema Gibson amekalia ndizi. Alianguka majini mara nyingi, na kila mara alipoibuka Ogola alikuwa ukingoni akimwambia, "Omera, ndugu yangu, sisi hukaa ndani ya chombo. Hiyo ya kukaa chini yake mmeitoa wapi?"

Alipostaafu akarudi Ndanai na vitu vitatu: kitanda, redio na kayaki. Kayaki akaining'iniza kwa kamba chini ya paa la banda la ng'ombe.

Chelangat, ambaye naye alikuwa mjane na shamba lake limepakana na la kaka yake, ndiye aliyempikia. Akaweka sheria. Gibson alikuwa na sahani yake ya bati yenye ukingo wa buluu, kikombe chake na kijiko chake, na hivyo havikuingia jikoni. Vilikaa kwenye rafu ndani ya banda la ng'ombe, vikioshwa kwa maji yao na kukauka kwa jua lao. Na mkono ulioshika samaki haukukamua hadi kesho yake. Gibson alizitii sheria zote. Saa ya kula alikuja na sahani yake mkononi, akasimama hatua tano kutoka mlangoni na kuita, "Dada, mwenye ukoma amefika. Nirushie."

"Leta hapo, na usiniguse."

Akimpakulia, aliushika mwiko juu juu ili usiguse bati. Hakuwa akifanya mzaha. Chuki ile ilimpanda kutoka tumboni hadi kooni, mate yakamjaa, na akili haikuwa na la kusema hapo.

Kila Machi, jua likikausha chai na kazi ikipungua, Gibson alipanda lori la chai kwenda Mombasa, kayaki imefungwa juu ya turubai. Alikaa kwa Mwachai wiki tatu. Akirudi alimsimulia Chelangat kupitia ukuta wa banda, yeye akikamua na Gibson amesimama nje kwa sababu ya mikono yake. Alisema anatoka ufuoni mapema, maji yakianza kupungua, anapiga kasia taratibu juu ya maji ya kimo cha mtu mpaka kwenye mwamba ambako mawimbi yanavunjika. Hapo anateremsha jiwe la nanga, anatia chambo, anashika mshipi kwa kidole. Mwamba una mlango, akasema, na samaki hupita mlangoni mmoja mmoja kama ng'ombe kwenye josho.

"Usiwataje ng'ombe na hao pamoja," Chelangat akasema kutoka ndani.

"Basi kama watu kanisani."

"Gibson."

"Haya, nimenyamaza."

Siku moja alimwuliza kwa nini huenda peke yake, wakati huko Pwani kuna wavuvi wa kila namna. Gibson akasema miaka thelathini na moja mashine zilimpigia kelele hadi ndotoni, na pale kwenye mwamba, maji yakitoka, anasikia hata mshipi ukikwaruza ubavu wa kayaki. Akasema pia kwamba huogopa. Huogopa kila siku, na ndiyo maana huimba nyimbo za kanisa, zile za Kikipsigis, moja baada ya nyingine mpaka arudi.

Hayo ndiyo Chelangat aliyokuwa nayo alipokwenda kwenye kikao cha mazishi nyumbani kwa ndugu yao mkubwa, Kipkorir.

Kipkorir ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Waliketi watu kama ishirini kwenye turubai. Chai ilikuwa nzito, mikate ilikuwa mingi, na mazungumzo yalikuwa mabaya. Kule sokoni Ndanai watu walikuwa wameshasema kwamba samaki wamemla Gibson uso. Wengine walisema vidole. Shangazi mmoja wa mbali alieleza habari hiyo akitafuna mkate, makombo yakimdondoka kifuani, akaeleza jicho lipi limekwenda na lipi limebaki, kana kwamba alikuwapo.

Chelangat akamwangalia mdomo ule ukifunguka na kufumba, mkate ukigeuka uji ndani yake, akahisi kichefuchefu kile kile alichokijua. Safari hii hapakuwa na samaki.

"Mwachai amesema uso wake ni mzima," akasema. "Amekufa akiwa ameketi."

"Huyo Mwachai anaweza kusema nini?" Kipkorir akauliza. "Sikilizeni. Jeneza halitafunguliwa. Na kwenye historia ya marehemu tutaandika hivi." Akavaa miwani. "Aliitwa na Bwana akiwa mapumzikoni Mombasa. Mstaafu. Mpenda ng'ombe. Basi."

"Na kayaki?"

"Kayaki gani?"

Sababu yake ilijulikana na kila mtu pale. Mtoto wake wa kiume alikuwa amechumbia msichana wa Sigor, na wazee wa upande ule wangekuja kwenye mazishi kuwatazama. Kipkorir hakutaka wasikie neno samaki likitamkwa kwenye kipaza sauti cha nyumba itakayompokea binti yao.

"Tukifunga jeneza," Chelangat akasema, "watu wataamini alikosa uso."

"Wataamini wiki mbili. Harusi ni ya maisha." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na wewe Chelangat, usinifundishe leo. Nani alikuwa anampa chakula kama mbwa?"

Shangazi aliacha kutafuna. Chelangat alichukua leso yake akaondoka, na njia nzima mate yalimjaa kinywani, akatema na kutema, na ladha haikutoka. Lakini kazi ya kusoma historia ya marehemu ilikuwa bado yake, maana yeye ndiye dada aliyekaa naye, na Kipkorir hakuthubutu kuibadilisha mbele ya kanisa.

Mwili uliletwa siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa gari dogo la kukodi. Jeneza lilikuwa ndani. Juu ya paa, imefungwa kwa kamba za katani, ilikuwa kayaki. Walipopita sokoni Ndanai watu walitoka madukani wakaisindikiza kwa macho, na mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama wamempaka marehemu rangi ya manjano. Kipkorir alikuwa langoni. Aliagiza vijana waiteremshe upesi na kuifunika kwa nailoni nyuma ya banda.

Mwachai alishuka mbele, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, na sweta la kuazimwa kwa sababu ya baridi yetu. Ogola na Dolphine, waliompokea pale Kericho, walikuwa pamoja naye. Alimsalimu Chelangat kwa mikono miwili, akampa pole ndefu ya heshima. Kisha akarudi kwenye gari akatoa kiroba kilichoshonwa mdomo.

"Ni samaki wake, mama," akasema. "Wa siku ile. Changu watatu na tafi mmoja, walikuwa miguuni pake. Tumewatia chumvi, tukawaanika. Kwetu hatuli jasho la mtu aliyekufa bila kuwaonyesha watu wake kwanza."

Harufu ilimfikia Chelangat kabla neno la mwisho halijatoka. Ilikuwa ya chumvi na ya uozo mkavu, ikaingia puani na kushuka kooni kama kidole. Shangazi na wenzake walirudi nyuma wakijipepea. Kipkorir akaja mbio. "Hiyo ipelekwe chooni. Sasa hivi. Wageni wa Sigor wako njiani."

Mzee wa Pwani alisimama na kiroba chake mikononi, akimtazama huyu na yule, bila kujua amekosa nini. Alikuwa amesafiri siku nzima na usiku mzima na maiti asiye wa damu yake. Chelangat aliona watu waliofunika pua zao kwa vitambaa, na nyuma yao, kwenye nyasi, damu ya fahali waliyemchinja asubuhi hiyo, utumbo umemwagwa kwenye jani la mgomba, nzi wametanda, na hakuna aliyejipepea kwa hilo.

Alinyoosha mikono yote miwili akakipokea kiroba.

Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Kupitia nyuzi za kiroba alihisi kitu kigumu chenye miiba kikimchoma kiganjani. Akakibeba mbele ya kifua chake, akapita katikati ya watu, akapita banda la ng'ombe hadi kwenye mistari ya chai, na Dolphine akimfuata. Pale akamkabidhi Dolphine kiroba, akainama kati ya mashina mawili ya chai akatapika. Alitapika chai yote ya asubuhi na kisha maji ya njano. Dolphine alimshika mgongo.

"Mama, si ungeniambia mimi nikibebe," akasema.

"Ilikuwa yangu kubeba."

"Nitakipeleka Kericho. Tutakula na mzee wa Pwani huko kwetu, tukimtaja Gibson. Hapa hakifunguliwi."

"Sawa." Chelangat akajifuta mdomo kwa leso. "Dolphine, simu yake ilipopiga nilimwuliza kama ameshiba nyoka. Nilidhani ni yeye."

Dolphine akachuma jani la chai, akalisugua kwenye vidole vya Chelangat ili kuondoa harufu, jani moja, na la pili, na la tatu.

"Angekujibu kwamba bado," akasema mwishowe. "Huyo alikuwa hashibi."

Chelangat alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, aliyekuwa ndani akipanga nyimbo. Akamwambia kwamba kama jeneza halifunguliwi hatasoma neno lolote, na ataketi mahali atakapoonekana na watu wote amefunga mdomo. Mchungaji akamwita Kipkorir. Kipkorir akasema mengi: akasema juu ya wageni, juu ya heshima ya ukoo, juu ya vile wanawake hawajui mambo ya kesho. Kisha akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine, "Na kama kweli hana uso?"

Chelangat akaelewa kwamba ndugu yake naye aliamini maneno ya sokoni, na kwamba tangu siku ya kikao alikuwa akiogopa kumtazama Gibson.

"Twende sisi wawili kwanza," akasema.

Dereva aliyekuja na gari alifungua kifuniko. Gibson alikuwa na uso wake wote. Pua ilikuwa imeambuka kwa jua, kama ya mtoto, na mdomo umefumba vizuri. Alinuka dawa ya hospitali, wala hakunuka kingine chochote. Kipkorir alitazama, akavua miwani, akaegemea ukuta akalia bila sauti. Chelangat aliushika mkono wa kulia. Kiganja kilikuwa na sugu nne za kasia, ngumu kama punje za mahindi, na kwenye kidole cha shahada palikuwa na mstari mwembamba uliochimbwa na mshipi. Hakuwahi kuushika mkono ule kwa miaka kumi. Aliushika mpaka wakaja kuulizia kama ibada inaweza kuanza.

Ibada ilifanyika siku hiyo hiyo, uwanjani, mbele ya watu kama mia tatu. Wageni wa Sigor waliwekwa viti vya mbele. Jeneza lilikuwa wazi, na watu walipita kwa mistari miwili. Shangazi alipita mara mbili.

Chelangat alisoma historia. Alisoma mwaka wa kuzaliwa, shule, kiwanda, ndoa na Cheptoo. Palipoandikwa mstaafu akasoma, "Mstaafu na mvuvi." Akaendelea kusema, akiwa ameliweka karatasi kando, kwamba Gibson alivua peke yake kwenye mwamba wa Msambweni kila Machi, akiwa na kayaki ile iliyofunikwa kwa nailoni nyuma ya banda, na kwamba alikuwa akiimba huko. Akasema mzee Mwachai aliyeketi pale alimsikia siku ya mwisho akiimba, kisha hakumsikia tena. Akasema yeye mwenyewe anachukia samaki mpaka leo na hataki kudanganya mbele ya Mungu, na kwamba kwa ajili hiyo kaka yake alikula chakula chake nje kwa miaka, kwenye sahani ya peke yake, na hilo anamwomba Mungu msamaha, kwa kuwa Gibson hawezi tena kuombwa.

Mmoja wa wazee wa Sigor alimwinamia mwenzake akamwuliza kayaki ni kitu gani. Hawakuondoka. Walikula nyama kama wengine, na habari ya harusi haimo kwenye kisa hiki.

Saa nane kasoro dakika kumi jeneza lilibebwa na watu sita, Kipkorir na Ogola wakiwa mbele, hadi kwenye kaburi lililochimbwa kando ya la Cheptoo, mahali chai inapoishia. Mchungaji alisoma Zaburi. Waliimba wimbo wa Kikipsigis, ubeti wa kwanza na wa tatu. Jeneza lilishushwa kwa kamba za katani zile zile zilizofunga kayaki, kwa sababu zilizoletwa zilikuwa fupi. Kipkorir alitupa udongo, kisha Chelangat, kisha Dolphine na Mwachai. Vijana wakajaza kwa majembe, na ilichukua muda kwa sababu udongo ulikuwa mkavu. Chelangat alikwenda kwenye banda, akaitoa ile sahani ya bati kwenye rafu, akaenda nayo jikoni, akaiosha pamoja na nyingine. Alirudi wakati wanasimamisha msalaba. Mchungaji akatoa baraka, watu wakaanza kwenda nyumbani.